Makaa juu, makaa chini: historia ya oveni ya stima na nyaya za ukutani kwetu

Samahani kwa kimya cha wiki kadhaa. Kazi zilinibana, kisha likazuka jambo nyumbani Likoni ambalo limenitoa kwenye programu na kuniingiza kwenye nyaya. Waliozoea kusoma hapa habari za kompyuta wanivumilie leo, maana mwisho wa safari mtaona mambo haya si mbali sana na yetu.

Mamangu hupika keki na mikate ya kuuza. Miaka yote amepika kwa makaa. Mwaka huu akajikaza akanunua kuka ya stima, pleti nne na oveni chini yake, iliyokwisha kutumika na kuletwa kwa meli kutoka Ghuba. Akaitwa fundi mmoja wa jirani, akafanya kazi nusu saa, akalipwa, akaenda zake. Siku ya tatu mama akanipigia simu. "Mwanangu, hii oveni inanitekenya."

Nilicheka kwa sekunde moja, kisha kicheko kikakatika. "Inakutekenya vipi, mama?" Akasema akishika mlango wa oveni ilhali yuko miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji, anahisi wadudu wanatembea mkononi. Nikamwambia azime swichi kubwa, asiiguse tena, na asiwaruhusu watoto kuingia jikoni mpaka nifike. Nikavuka feri jioni ileile.

Niliyoyaona nitayaeleza mbele. Nianze na swali lililonikalia kichwani usiku ule nikiangalia ule ukuta: kwani hizi nyaya zimefikaje kuwa hivi? Sisi waandishi wa programu tukirithi programu ya zamani iliyoandikwa na watu kumi kwa miaka ishirini, kabla ya kubadilisha mstari tunauliza nani aliandika nini na kwa sababu gani. Nyumba nayo ni hivyo. Ukutani mwa mama kuna maamuzi ya watu wa Zanzibar, London, Ottawa na migodi ya Afrika Kusini. Haya, twende moja moja.

MTAMBO WA SULTANI

Historia ya stima Kenya haianzii Nairobi, inaanzia huku kwetu, na kabla ya hapo inaanzia Unguja. Masimulizi ya shirika la umeme lenyewe yanasema Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alinunua mtambo wa kuzalisha umeme mwaka 1875 ili kuwasha taa kasri yake na mitaa ya jirani. Mwaka huo mimi naupokea kwa tahadhari, kwa kuwa balbu ya Edison ilitoka mwaka 1879, na jumba la Beit al-Ajaib, linalotajwa kuwa la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme, lilijengwa mwaka 1883. Lakini mtambo ulikuwepo, na mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaununua. Hapo ndipo ikazaliwa Mombasa Electric Power and Lighting Company.

Angalia jina: nguvu na mwanga. Na angalia mipaka: kazi yake ilikuwa kupeleka umeme kisiwani. Sisi wa bara, Likoni ng'ambo ya Kilindini, Kisauni ng'ambo ya Tudor, Changamwe ng'ambo ya Makupa, hatukuwa kwenye hesabu ile ya mwanzo.

Mwaka huohuo wa 1908 mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya kupeleka umeme Nairobi. Mwaka 1922 kampuni mbili za Mombasa na Nairobi zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting. Kampuni hiyo ikanunua sehemu kubwa ya TANESCO mwaka 1932, ikapata leseni ya Uganda mwaka 1936, kisha nchi zikajitegemea na kila moja ikachukua chake. Mwaka 1983 jina likawa Kenya Power and Lighting Company, na mwaka 2011 likafupishwa kuwa Kenya Power. Wazee wetu wengi bado wanasema "Power and Lighting", na hawajakosea sana.

Kuna jambo la kuchekesha katika historia hii. Bara iliyoachwa nje mwanzoni ndiyo iliyogeuka kuwa jiko la stima la Pwani. Kipevu, upande wa Changamwe, ilijengwa mitambo ya mafuta mazito: Kipevu I mwaka 1999, mtambo wa Tsavo Power mwaka 2001, na Kipevu III ya megawati 120 mwaka 2011. Ukipita Changamwe usiku ukasikia ule mngurumo, jua kuna mtu mahali anapika chapati kwa mngurumo huo.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu stima ililetwa kwa ajili ya taa. Nyumba nyingi za mitaani kwetu ziliwekwa nyaya kwa kufikiria balbu tatu nne, redio na pasi. Oveni haikuwa kwenye mawazo ya aliyetandaza waya. Hilo ndilo kosa la kwanza tunalorithi: tunaudai ukuta kitu ambacho haukuahidi.

MAKAA JUU, MAKAA CHINI

Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa oveni. Mkate wa mayai unapikwa kwa makaa chini ya sufuria na makaa mengine juu ya kifuniko, na ufundi wote uko kwenye kujua uweke mangapi wapi. Fungua oveni ya stima uchungulie. Kuna koili chini na koili juu. Ni ujuzi uleule wa bibi, ila makaa yamekuwa waya.

Kanuni ya waya kuwa makaa ilielezwa na James Joule mwaka 1841: umeme ukipita kwenye kitu kinachoukinza, joto linalotoka linakwenda na mraba wa mkondo. Yaani ukiongeza mkondo mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ishike kanuni hiyo, tutairudia, maana waya haujui kama uko ndani ya oveni au ndani ya ukuta. Kanuni inayookaa keki ndiyo inayochoma nyumba.

Mwaka 1892 Thomas Ahearn wa Ottawa, Canada, alipika chakula kizima kwa umeme kwa wageni wa hoteli, na mwaka 1893 kwenye maonyesho makubwa ya Chicago watu walipangana kutazama jiko la umeme. Lakini majiko yale yalikuwa na tatizo: koili zilikatika haraka. Chuma kikiwa chekundu hewani kinaliwa na kutu mpaka kinakwisha. Aliyelitatua ni Albert Marsh, Mmarekani, aliyepata hataza mwaka 1906 kwa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, takriban asilimia 80 kwa 20. Waya huo ukipata moto unajifunika ngozi nyembamba inayouzuia usiliwe. Pasi, kibaniko, hita ya maji na oveni vyote vinamshukuru Marsh.

Baadaye waya ule ukafichwa ndani ya bomba la chuma, na katikati pakashindiliwa unga wa magnesiamu oksaidi. Unga huu una tabia nzuri sana: unapitisha joto lakini haupitishi umeme. Una tabia moja mbaya pia: unapenda maji. Ukiacha oveni miezi kadhaa kwenye hewa yenye unyevu, na mdomo wa lile bomba umelegea au umeliwa na kutu, unga unavuta unyevu. Unga wenye unyevu unaanza kuvujisha umeme kidogo kidogo kwenda kwenye bomba, na bomba limefungwa kwenye mwili wa oveni.

Sasa fikiria oveni iliyovuka bahari kwenye kontena, ikakaa ghala la Mombasa, mji ambao hata chumvi kwenye kopo inaganda. Mtekenyo wa mama ulianzia hapo.

PLAGI ILIYOZALIWA NA VITA

Plagi yetu ya miguu mitatu bapa tunaiona ya kawaida, lakini ni mtoto wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 Waingereza waliunda kamati ya kupanga nyaya za nyumba zitakazojengwa baada ya vita. Taarifa yake ilitoka mwaka 1944. Mwanamke pekee kwenye kamati ile alikuwa Caroline Haslett, mhandisi aliyekuwa akitetea stima iwapunguzie kina mama kazi, na usalama wa watoto ulipewa uzito mkubwa. Ndiyo maana mguu wa juu wa plagi ni mrefu: unaingia kwanza, unagusa waya wa athi kabla ya mingine, na unafungua vijipazia vilivyoziba matundu mawili ya chini. Mtoto akichomeka msumari kwenye matundu yale anakuta yamefungwa. Kiwango chenyewe, BS 1363, kilitoka mwaka 1947.

Shaba ilikuwa adimu, kwa hiyo wakaja na ringi: waya unatoka kwenye sanduku la fyuzi, unazunguka soketi zote, unarudi palepale. Fyuzi moja ya ampia 30 inalinda ringi nzima, na kila plagi inabeba fyuzi yake ndogo ya mwisho ampia 13.

Hapo ndipo hesabu ya oveni inapoanza. Stima yetu ni volti 240. Zidisha kwa 13 unapata wati 3,120. Huo ndio mwisho wa plagi. Kioveni cha mezani cha wati 2,000 kinaingia bila wasiwasi, mradi soketi ni nzima na haichangii ekstensheni moja na friji na birika. Oveni ya wati 3,000 iko ukingoni, na inataka soketi yake peke yake. Kuka nzima ya pleti nne na oveni haina kazi na plagi ya 13 hata siku moja. Ukiona mtu ameichomeka, ujue amebadilisha fyuzi akaweka kipande cha msumari au karatasi ya sigara.

HESABU YA KUKA

Kuka ya mama imeandikwa kilowati 10 kwa jumla. Gawanya kwa 240, ni karibu ampia 42. Lakini nani anawasha pleti zote nne na oveni juu na chini kwa wakati mmoja, na zote zikabaki zimewaka? Thamostati inawasha na kuzima. Waandishi wa kanuni za Uingereza walilijua hili, wakatoa desturi inayotumika mpaka leo: chukua ampia 10 za kwanza zote, ongeza asilimia 30 ya zilizobaki, kisha ongeza 5 kama kuka yuniti ina soketi. Kwetu: 10, jumlisha asilimia 30 ya 32, ni 19 na ushei, jumlisha 5, tunafika kama 25. Breka ya ampia 32 inatosha. Mtu wa seva atalitambua wazo hili mara moja: hutengi nafasi kamili kwa kila mteja, kwa kuwa wote hawaji dakika moja.

Sasa waya. Hapa ndipo kanuni ya Joule inarudi. Tuseme kutoka sanduku la fyuzi mpaka jikoni ni mita 20, kwenda na kurudi 40, na kuka inavuta ampia 30.

Waya wa milimita 1.5, huu wa taa: ukinzani wake ni karibu omu 0.46. Joto ndani ya ukuta ni wati 413.

Waya wa milimita 6: ukinzani karibu omu 0.115. Joto ni wati 103, limetawanyika kwenye waya mnene zaidi.

Wati 413 ni nusu ya pasi. Fikiria umezika nusu ya pasi ndani ya plasta na juu ya dari, ukaiacha imewaka tangu alasiri mpaka isha.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya London havikukazia lakini sisi lazima tulikazie. Majedwali ya nyaya yanahesabu hewa ya nyuzi 30. Milimita 6 ndani ya bomba inabeba takriban ampia 38 katika hali hiyo. Lakini nyaya zetu zinapita chini ya mabati. Juu ya dari saa nane mchana mwezi wa Februari, nyuzi 50 si ajabu. Kwa nyuzi 50 jedwali linakwambia uzidishe kwa 0.71, na 38 zinabaki 27. Breka ni 32. Yaani waya utaumia kabla breka haijashtuka. Kwa nyumba ya mabati yenye bomba darini, milimita 10 ndiyo saizi ya kulala usingizi.

RANGI ZINAZODANGANYA

Kwa nyaya za ukutani Uingereza ilitumia nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Mwaka 2004 waliruhusu rangi za pamoja za Ulaya, na kuanzia Aprili 2006 zikawa lazima: kahawia laivu, buluu nyutro, kijani na manjano athi. Nyumba zetu zilifuata Uingereza, kwa hiyo leo utakuta vizazi viwili vinaishi ukuta mmoja. Chumba cha zamani nyekundu na nyeusi, jiko lililoongezwa kahawia na buluu.

Hatari iko kwenye nyeusi na buluu. Katika mfumo wa zamani wa njia tatu, buluu ilikuwa laivu. Katika mfumo mpya wa njia tatu, nyeusi ni laivu. Na kwenye kifaa kilichotoka Marekani, nyeusi ni laivu siku zote. Kwa hiyo rangi ni kama jina la faili: inakudokeza kilichomo, haikuthibitishii. Fundi mzuri anapima kila waya kabla ya kuugusa, na anapima kipimo chenyewe mahali anapojua pana stima kabla ya kukiamini.

OVENI ZA GHUBA

Ndugu zetu wengi wako Ghuba na wanarudi na vifaa. Oman na Emirati tunaelewana: volti karibu na zetu, mzunguko wa 50, plagi hiihii. Saudia ni habari nyingine. Kwa miaka mingi nyumba za Saudia zilitumia volti 127 na 220 kwa mzunguko wa 60, na mwaka 2010 serikali yao iliamua kuhama polepole kwenda 230 na 400. Kwa hiyo kifaa kutoka Jedda kinaweza kuwa cha 127.

Nguvu ya koili inakwenda na mraba wa volti. Koili ya 127 ukiipa 240 inatoa joto zaidi ya mara tatu na nusu. Haitapika, itafyatuka. Hata ile ya 220 si sawasawa: kwa 240 inaongezeka kama asilimia 19, yaani kilowati 8 zinakuwa tisa na nusu. Soma kibandiko cha nyuma, volti, wati na mzunguko, kabla hujamlipa muuzaji. Na kuka ya Marekani iache palepale. Imetengenezwa kwa nyaya nne, 120 na 240 pamoja, na hapa kwetu ile 120 haipo.

ATHI, NA MATUMBAWE CHINI YETU

Waya wa athi ndio unaodharauliwa kuliko wote, kwa kuwa ukikatwa kila kitu bado kinafanya kazi. Taa inawaka, keki inaiva. Ni kama nakala ya akiba ya data: hujui kuwa huna mpaka siku unayoihitaji.

Kazi yake ni kufunga mwili wa chuma wa oveni na ardhi, ili umeme ukivuja upate njia nyepesi kuliko mwili wa mamako. Ukivuja kwa wingi, mkondo unaruka na breka inakata. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini Pwani ardhi yetu sehemu nyingi ni mchanga na matumbawe, na mchanga mkavu haupendi kupitisha umeme. Tuseme fimbo ya athi uliyoichomeka nyuma ya nyumba ina ukinzani wa omu 50. Gawanya 240 kwa 50: ampia 4.8. Breka ya 32 haitasikia chochote. Mwili wa oveni utabaki na stima, athi ipo na breka ipo, na bado mtu anaweza kufa.

Dawa ya hili inatoka barani kwetu. Miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini alitengeneza kifaa cha kukata umeme unaovujia ardhini, kwa ajili ya migodi ya dhahabu ambako watu walikuwa wakifa kwa mitambo yenye maji. Kifaa hiki hakipimi ukubwa wa mkondo. Kinalinganisha unaokwenda na unaorudi. Visipolingana, kuna kinachopotea njiani, na huenda kinapita kwenye mwili wa mtu. Kinakata. Ni ileile hesabu ya kulinganisha daftari mbili za duka jioni. Marekani, Charles Dalziel wa chuo kikuu cha Berkeley alitumia miaka akichunguza ni mkondo kiasi gani unamfanya mtu ashindwe kuachia waya, akakuta ni kama miliampia 16 kwa mwanamume wa kawaida na pungufu kwa mwanamke. Vifaa vya nyumbani leo vinakata kwa miliampia 30, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mafundi wetu wanaviita RCD. Kwa ardhi ya Likoni, hicho si anasa.

TULICHOKIKUTA, NA TULICHOKIFANYA

Nimesomea kompyuta, sikusomea stima, na nilijua mpaka wangu. Nilizima swichi kubwa na sikugusa zaidi. Kesho yake tukatafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, iliyochukua nafasi ya ERC chini ya sheria ya mwaka 2019. Leseni zina madaraja, kutoka C2 kwenda juu mpaka A1, na mteja ana haki ya kuiona kadi. Huyu aliitoa mfukoni kabla sijaiomba.

Alipofungua nyuma ya kuka akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mama, "Bi mkubwa, Mungu anakupenda." Waya ulikuwa milimita 1.5, umeungwa kwenye nyaya za taa za jikoni, kiungo kimefungwa tepu tu. Uzi wa athi ulikuwa umekatwa ukasokotwa pembeni, kwa kuwa kwenye taa hapakuwa na athi ya kuungia. Kwenye sanduku la fyuzi, ule waya mwembamba unaotakiwa kuyeyuka ulikuwa umebadilishwa kwa nyuzi nene za shaba, ili "usikatike-katike". Kila kinga ilikuwa imeondolewa moja baada ya nyingine, na kila moja iliondolewa ili jambo lifanye kazi haraka. Nisiwe mnafiki: na mimi nimewahi kuzima onyo la programu badala ya kulitafutia sababu.

Kwa ufupi alichofanya:

1. Alizima swichi kubwa, akaifunga, akapima kuhakikisha hapana stima, ndipo akashika waya.

2. Alipima koili kwa mega. Koili ya juu ilikuwa inavuja, mdomo wake umeliwa na kutu. Ikabadilishwa.

3. Alitandaza waya mpya wa milimita 10 kutoka sandukuni moja kwa moja mpaka jikoni, bila kiungo njiani.

4. Sanduku jipya, breka ya ampia 32 ya kuka peke yake, na RCD ya miliampia 30.

5. Kuka yuniti ukutani, yenye swichi inayokata laivu na nyutro pamoja, pembeni mwa jiko na si juu yake, ili sufuria ikiwaka moto usilazimike kupitisha mkono juu ya moto kuizima.

6. Fimbo mpya ya athi, ndefu, akaipima kwa kifaa. Hakukisia kwa macho.

7. Alikaza skrubu zote, akawasha oveni saa nzima, akazima, akakaza tena. Shaba ikipata joto na kupoa hulegea, na hewa ya chumvi inamalizia kazi.

8. Alibonyeza kitufe cha kujaribu RCD mbele ya mama, akamfundisha akibonyeze kila baada ya miezi michache. Kisha akaandika cheti.

Gharama ilizidi bei ya kuka yenyewe. Mama alinung'unika, na nilimwelewa. Nikamwuliza tu, yule mtoto wa jirani anayekuja kuomba kipande cha keki miguu mitupu, angeshika mlango ule wapi? Hakujibu. Akaenda kuleta pesa.

MITA NAYO INA HISTORIA

Nimalizie na kidonge cha wapenzi wa namba. Oveni ikiwaka, tokeni zinakwenda mbio. Zile tarakimu 20 zinafuata kiwango kilichoanzia Afrika Kusini, na ndani yake kuna hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, iliyowekwa kwenye biti 24. Mbili ikizidishwa mara 24 ni dakika 16,777,216, kama miaka 32. Ziliisha tarehe 24 Novemba 2024, ndiyo maana kabla ya hapo tulitakiwa kuingiza tarakimu za ziada za kusasisha mita. Mtu aliamua ukubwa wa namba mwaka 1993, na bibi wa Kisauni akabonyeza vitufe miaka thelathini na moja baadaye.

Ni yaleyale ya ukutani. Aliyeunga waya wa taa hakuwa mjinga, alikuwa akiunga taa. Anayekuja baadaye ndiye mwenye wajibu wa kuuliza waya huu uliwekwa kwa kazi gani kabla ya kuutwisha nyingine.

Mama sasa anaoka sinia mbili kwa mara moja, na hakuna kinachomtekenya. Mkate wa mayai bado anaupika kwa makaa, juu na chini, uani. Anasema oveni haijui kunukia. Panapo majaaliwa, safari ijayo nitaandika kwa kina kuhusu zile tarakimu 20 za tokeni na jinsi mita inavyojua hujazibuni mwenyewe.